Jinsi ya Kupima Ukali wa Lenzi Ndefu Tundu Likiwa Wazi Kabisa

Karibu, ndugu mtazamaji. Niko hapa Goma, ndani ya parseli yetu, yaani kiwanja cha nyumbani, na saa yangu inaonyesha saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nitakueleza baadaye kidogo kwa nini nimekuamsha mapema namna hii. Mkononi nina lenzi ya milimita 70 hadi 200, ambayo tundu lake hufunguka hadi f/2.8. Leo tutaipima ikiwa wazi kabisa, kwa sababu hapo ndipo lenzi ndefu huonyesha uwezo wake na kasoro zake. Kwenye f/8 karibu kila lenzi hupendeza. Lakini anayepiga picha za harusi katika kumbi zenye taa hafifu, au anayefuata sokwe chini ya kivuli cha miti ya Virunga, hana nafasi ya kufunga tundu hadi f/8. Kazi yake yote hufanyika kwenye f/2.8, na ndiyo maana anapaswa kuijua vizuri.

Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake, kwa upana wa tundu lake. Kwenye milimita 200 na f/2.8, mwanga hupita katika duara lenye upana wa karibu milimita 71, ilhali kwenye f/8 duara hilo husinyaa hadi milimita 25. Maana yake ni kwamba ukifungua kabisa, unatumia pia kingo za vioo, ambako miale hupindishwa zaidi, na kila kosa dogo la uundaji, la upangaji wa vioo au la kuanguka kwa lenzi siku fulani huonekana kwenye picha.

Kabla hatujagusa kamera, ondoa kioo cha kinga kilichofungwa mbele ya lenzi. Nalisema hili la kwanza kwa sababu lilinigharimu. Miaka michache iliyopita nilirudi kutoka harusini nikiwa na picha ambazo nyuso zote zilikuwa na ukungu mwepesi, mfano wa dirisha lililopumuliwa. Nikaamini kwamba lenzi imekufa, nikaanza kuitafutia mnunuzi. Siku mnunuzi alipokuja kuitazama, nilifungua kile kioo ili nimsafishie, tukapiga picha moja ya majaribio, na ukungu ulikuwa umetoweka. Kioo cha bei ndogo ambacho hakikudhuru lolote kwenye lenzi fupi kilikuwa kinaharibu kila picha ya milimita 200. Nilikuwa nimebakiza saa moja tu niiuze lenzi nzima kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Sasa tutafute cha kupiga. Wengi hapa mjini huelekeza kamera kwenye ukuta wa mawe ya volkano, kwa kuwa kila mtaa unao na mawe yake yana mikwaruzo mingi. Naomba usifanye hivyo. Tazama ukuta huu kwa karibu, hapa ninapoweka rula: jiwe hili limetokeza sentimita sita mbele ya jiwe la jirani, na lile la juu limezama zaidi. Ukiwa umbali wa mita 10, kwenye milimita 200 na f/2.8, na kamera yenye sensa (bamba la ndani linalopokea picha) ya milimita 36 kwa 24 na pikseli milioni 24, eneo lililo kali kweli kweli, kwa kipimo cha pikseli moja, lina kina cha karibu sentimita 8 tu, sentimita 4 mbele na 4 nyuma. Jiwe moja litakuwa kali na jirani yake litafifia, nawe utailaumu lenzi kwa jambo ambalo ni la ukuta. Zaidi ya hayo, jiwe jeusi juu ya jiwe jeusi halina tofauti ya kutosha kati ya giza na mwanga.

Tumia ukuta uliopigwa plasta ukanyooka, kama huu wa upande wa jikoni. Nimekwenda kwenye sekretariati ya mtaani, duka la kuchapishia karatasi, nikachapisha karatasi tisa za A4 kwa mashine ya leza, ambayo herufi zake huwa na kingo safi kuliko za wino wa maji. Kila karatasi ina mistari ya herufi za ukubwa wa 24, 12, 8 na 6. Kwa umbali huu wa mita 10 pikseli moja hubeba karibu theluthi moja ya milimita ya ukuta, kwa hiyo herufi za 12 lazima zisomeke bila shida, za 8 zitahitaji lenzi nzuri, na za 6 ziko ukingoni mwa kinachowezekana. Picha itafunika upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.2. Bandika karatasi moja katikati kabisa, nne kwenye pembe, na nne zilizobaki katikati ya kila upande, ukihakikisha kwamba hakuna karatasi iliyovimba.

Funga lenzi kwenye tripodi, ile ambayo wengi wetu tunaiita trepie, kwa kutumia pete ya lenzi wala si tako la kamera, ili uzito ukae sawa. Chini ya tripodi nimening'iniza mfuko wenye mawe mawili ya volkano. Hapo ndipo mawe yetu yanafaa katika kazi hii. Zima kidhibiti cha mtikisiko. Weka kipima muda cha sekunde 10 ili mkono wako usiwe karibu, na pikipiki ikipita barabarani nje ya ukuta, ngoja ipite, kisha upige.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu huiruka, nayo ndiyo inayoharibu vipimo vingi. Kamera lazima itazame ukuta uso kwa uso. Ikiwa umesimama kidogo upande, karatasi za kushoto zitakuwa mbali kuliko za kulia kwa sentimita kadhaa, na tumeshaona kwamba tuna sentimita 8 tu za kuchezea. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kibandike kikiwa bapa juu ya karatasi ya katikati, kisha uangalie kupitia kamera na usogeze fokasi mpaka uone kilichomo ndani ya kioo. Unapoiona lenzi yako mwenyewe inakutazama kutoka katikati ya kioo, umesimama sawa. Mimi hapa naona tripodi lakini lenzi iko juu ya ukingo wa kioo, kwa hiyo nashusha kamera taratibu, sentimita moja, nyingine tena, na sasa duara la lenzi limekaa katikati. Kaza skrubu zote, ondoa kioo, wala usiguse tripodi tena.

Kuhusu muda niliokuahidi kuueleza: ardhi yetu hapa ni nyeusi, na jua likishapanda huipasha joto haraka. Hewa ya moto hupanda ikitetemeka, na lenzi ndefu huukuza mtetemo huo pamoja na kitu chenyewe. Kufikia saa nne asubuhi herufi za 6 huanza kucheza kwenye skrini ya kamera hata kwa umbali wa mita 10, na hakuna lenzi inayoweza kushinda hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, usiipime lenzi kwa kukipiga kilele cha volkano ya Nyiragongo. Najua kinavutia, chenye mita 3,470 na moshi wake, lakini kati yako na kilele hicho kuna zaidi ya kilomita 15 za hewa, vumbi na mvuke, na picha hiyo itakupa habari za hewa kuliko za lenzi.

Tupige sasa. Chagua faili ghafi (RAW), si zile ambazo kamera imekwisha kuzinoa yenyewe. Weka ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, kwenye 400. Hapa kivulini, f/2.8 inanipa shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Washa skrini ya nyuma, kuza sehemu ya katikati mara kumi, zungusha fokasi kwa mkono mpaka herufi za 6 zijitenge, kisha upige. Baada ya hapo ivuruge fokasi kabisa, uanze upya, upige tena. Na mara ya tatu vivyo hivyo. Tutahukumu kwa picha iliyo bora kati ya tatu, kwa kuwa jicho la mtu likikosea sentimita mbili tu, lenzi itaonekana mbovu.

Fanya hivyo hivyo kwenye f/4, f/5.6 na f/8, ukiongeza muda wa shata maradufu kila hatua: sehemu moja ya 1,000, ya 500, ya 250. Angalia mtego uliopo hapa. Kadiri shata inavyochelewa, ndivyo mtikisiko unavyopata nafasi ya kuingia, na ikiwa tripodi yako ni legevu, picha ya f/8 itaonekana mbaya kuliko ya f/2.8, nawe utadanganyika kwamba lenzi yako ni ya ajabu ikiwa wazi. Ukiona matokeo ya namna hiyo, rudia na tripodi iliyotulia zaidi.

Tuko kwenye kompyuta. Nimefungua picha za f/2.8 na f/5.6 bega kwa bega, kwa ukubwa wa asilimia 100, na unoaji wa programu nimeuweka sifuri. Tazama katikati kwanza. Kwenye f/2.8 herufi za 8 zinasomeka, ila kila herufi imezungukwa na mng'ao mwembamba, kana kwamba wino umepakwa maziwa. Huo si ukosefu wa fokasi. Ni miale ya kingoni isiyokutana mahali pamoja na miale ya katikati, na ndiyo maana kwenye f/4 mng'ao huo umetoweka na weusi umerudi kuwa weusi. Mng'ao wa kiasi hiki unavumilika, na kwa uso wa bibi harusi wengine huupenda. Ukiona kingo zenye rangi, zitofautishe: ya zambarau mbele ya fokasi na ya kijani nyuma yake hupungua ukifunga tundu, lakini ile michirizi ya rangi kwenye pembe za picha haipungui kwa kufunga, ingawa programu huweza kuifuta.

Pembe nazo zina giza kwenye f/2.8. Ziongezee mwanga kwanza ndipo uzihukumu, kwa maana macho huchukulia giza kuwa ni ufifi. Kwangu mimi pembe tatu zinasoma herufi za 12 vizuri, ila ya juu kushoto imefifia. Je, kosa ni la lenzi au ni la ukuta? Hapa lenzi ndefu inatusaidia: legeza pete yake, uizungushe kamera mpaka iwe kichwa chini miguu juu, ukaze, ulenge tena katikati, upige. Ikiwa karatasi ile ile ya juu kushoto ukutani bado imefifia, kosa ni la upangaji wako. Ikiwa ufifi umehamia karatasi ya chini kulia, basi umebebwa na lenzi yenyewe, na kuna kioo ndani yake ambacho hakijakaa katikati. Kwangu umehama.

Usikimbilie kuipeleka kwa fundi bado. Piga picha nyingine ukilenga fokasi kwenye ile pembe yenyewe badala ya katikati. Pembe zote nne zikiwa kali kwa pamoja huku katikati kukififia, basi uwanja wa fokasi ya lenzi umepinda, jambo ambalo halidhuru mtu anayepiga watu, kwa kuwa watu si ukuta. Pembe moja ikikataa hata baada ya kulengwa, hapo ndipo uzungumze na fundi au na aliyekuuzia.

Fokasi ya otomatiki tuipime kwa ufupi. Ilenge karatasi ya katikati mara kumi, na kabla ya kila mara uivuruge, mara kwa upande wa karibu, mara kwa upande wa mbali. Picha zote zikikosea kwa kiasi kile kile, kamera nyingi za kioo cha ndani (DSLR) zina marekebisho kwenye menyu. Zikitawanyika ovyo, hakuna marekebisho yatakayosaidia.

Mwisho, rudia f/2.8 kwenye milimita 70 na 135, ukisogeza tripodi na kuipanga upya kwa kile kioo kila mara, kwa sababu lenzi ya kuvuta huwa na tabia tofauti kila urefu. Yangu ni safi kwenye 70 na 135. Kwenye 200, f/2.8 inasoma herufi za 8, f/4 inasoma za 6, na ile pembe ya juu kushoto haitulii mpaka f/5.6. Nimeyaandika hayo kwenye kipande cha karatasi ambacho kinakaa ndani ya kifuniko cha mfuko wa kamera. Jumamosi nina harusi. Nikiwa kwenye 200 nitawaweka maharusi upande wa kulia wa picha, na ile pembe ya kushoto nitaiachia pazia la ukumbi.