Robo Kilo ya Mbaazi, Sahani Tatu: Kuacha Pasi Ndefu Ukiwa Gheto

Karibu mtazamaji. Tuko gheto, yaani chumba cha kupanga cha mwanafunzi, Mtwara mjini, na jiko dogo la gesi, sufuria, kikaango na blanketi. Tunachopambana nacho ni pasi ndefu: kushinda na njaa mpaka saa kumi jioni, halafu kufidia yote kwa chipsi mayai na soda. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, likikata, wengi ndiko wanakoishia. Anayepika njaa ikishamkamata atakimbilia chipsi tu, kwa hiyo chakula kiive mapema.

Hatua ya kwanza, asubuhi kabla ya kipindi chuoni. Chambua robo kilo ya mbaazi kavu, osha, loweka kwa maji yanayozipita vidole vinne. Sokoni uliza kama ni za msimu huu. Mbaazi zilizokaa ghalani muda mrefu zitakumalizia gesi na bado hazilainiki.

Ya pili, jioni. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, chemsha dakika 20. Nyanya na ndimu bado, maana uchachu hufanya maganda yakaze. Sasa zima jiko, epua, funika vizuri, zungushia blanketi saa moja na nusu. Angalia hapa: mvuke hautoki. Rudisha jikoni dakika 15, bonyeza punje moja kwa vidole. Ikisagika, tia kitunguu, nyanya na chumvi kidogo.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaharibia wengi: tui. Usimimine nazi kwenye sufuria nzima. Hapa kwetu joto halina huruma, na mbaazi zenye tui zikilala bila friji huamka zimechacha. Pakua sahani ya usiku, hiyo tu ndiyo uitilie tui, kwenye kikaango. Zilizobaki zitokote dakika 5 kabla hujalala, kisha usifunue tena. Asubuhi rudia. Zikitoa povu au harufu ya uchachu, mwaga. Kuchemsha upya hakuondoi sumu yote.

Hizo ndizo sahani tatu: usiku kwa wali, asubuhi kwa muhogo wa kuchemsha, mchana kwa ugali. Kila mlo uwe na mboga ya majani, ikiwezekana nusu ya sahani. Matembele ni rahisi, dakika 5 tu. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana. Kibichi kina sumu, na kukiivisha kunakula gesi.

Siku ya kubadilisha, tumia dagaa wakavu. Wang'oe vichwa, waoshe maji matatu mpaka mchanga uishe, wakaange na nyanya.

Kwenye begi weka korosho, kiganja kimoja, za kipindi cha mchana. Nunua vipande, ni bei nafuu kuliko nzima na lishe ni ileile. Ila zilizobanguliwa! Usichome zenye maganda chumbani: mafuta ya ganda huunguza ngozi, na moshi wake utawatoa nje na majirani.