Mwanaisha ana bima, Mwanaasha ana presha

ATHUMANI: Karibuni tena. Leo Rehema kaja na karatasi yake, ana mambo matatu ya kutufundisha kuhusu dirisha la bima hospitalini. Sasa, kabla hajaanza…

REHEMA: Nilijua tu.

ATHUMANI: Dakika mbili. Jumanne nilimpeleka mama kliniki ya presha. Mama mnamjua, yule aliyepiga simu katikati ya kipindi akasema mwanangu anakohoa, mzimieni hiyo mitambo.

REHEMA: Mama, shikamoo huko uliko.

ATHUMANI: Tumefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuko wa saba kwenye foleni. Nikajiona mjanja. Zamu yetu inafika, binti wa dirishani anapokea kadi ya bima, kitambulisho cha taifa, anavuta na faili la zamani. Anasoma. Ananyamaza. Anasoma tena. Kisha anauliza, "Samahani, hawa wote ni nani?"

REHEMA: (anacheka) Tayari.

ATHUMANI: Kadi inasema Mwanaisha. Kitambulisho, Mwanaasha. Faili limeandikwa Asha Juma, basi.

REHEMA: Wagonjwa watatu, kiti kimoja.

ATHUMANI: Mama akamjibu: "Mwanangu, huyo Mwanaisha ndiye mwenye bima. Mimi Mwanaasha ndiye mwenye presha."

REHEMA: Na Asha?

ATHUMANI: Nilimuuliza. Asha alikuja na malaria, akapona, hadaiwi na mtu.

REHEMA: Jamani. Kwa hiyo mlitibiwa au hamkutibiwa?

ATHUMANI: Dirisha la bima lilitukataa. Akatuelekeza dirisha la wazee, ule msamaha wa miaka 60 na kuendelea kwa wasiojiweza. Mama akaniangalia kuanzia viatu. Akamwambia yule binti, "Huyu mwanangu ni mwalimu. Sasa amua mwenyewe kama ninajiweza."

REHEMA: (anacheka) Mpe kipindi huyu mama, mimi nikapumzike.

ATHUMANI: Mwisho nikalipa taslimu. Yaani taslimu ya siku hizi: unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu, unarudi na ujumbe.

REHEMA: Na hilo ni jema. Kabla ya huu mfumo wa 2017 ulikuwa unamkabidhi mtu noti, risiti utaipata akimaliza chai.

ATHUMANI: Sikatai. Ila maabara nao wakaandika Mwanahasha.

REHEMA: Wa nne!

ATHUMANI: Wa nne, na huyo ndiye mwenye majibu ya figo. Sasa, mimi hoja yangu hii hapa. Kila mwezi inakatwa asilimia 3 ya mshahara wangu, mwajiri anaweka 3 nyingine. Siku ya kukata hakuna anayeuliza jina linaandikwaje. Siku ya kutibiwa tunaanza imla.

REHEMA: Nikujibu kama niliyekaa meza ya madai ya bima miaka minne. Mgonjwa akiondoka, ile fomu inabaki na mimi. Lazima iwe na jina, namba ya uanachama, namba ya idhini ya siku ile, ugonjwa kwa msimbo wake, presha ya kawaida ni I10, vipimo, dawa, sahihi ya daktari, sahihi ya mgonjwa. Mwisho wa mwezi tunazifunga tunapeleka kwa watu wa bima watulipe. Kule kuna mkaguzi. Anakuta Mwanaisha huku, Mwanaasha kule, hilo dai analikata. Na mimi siwezi kumfuata mama yako nyumbani nikamdai amlodipini. Ameshaimeza.

ATHUMANI: Lakini picha kwenye kadi si ni yake?

REHEMA: Mkaguzi hamuoni mama. Anaona karatasi.

ATHUMANI: Basi mtibuni kwanza, karatasi zigombane baadaye zenyewe.

REHEMA: Na hasara abebe nani? Zahanati niliyokuwa mimi, madai yakikatwa miezi miwili, mwezi wa tatu hakuna glavu. Si mfano huo, niliuona.

ATHUMANI: Kwa hiyo abebe mama wa miaka sabini na moja.

REHEMA: Sikusema hivyo.

ATHUMANI: Ndivyo ilivyokuwa.

REHEMA: Athumani, ngoja. Ilikuja siku nikamhurumia dada mmoja, jina limepishana herufi mbili tu. Kadi ilikuwa ya mdogo wake. Wamefanana kama mapacha. Fomu ina sahihi yangu mimi. Uliza niliwekwa kikao gani.

ATHUMANI: Mama yangu hakuazima kadi.

REHEMA: Najua.

ATHUMANI: Na binti wa dirishani naye alijua. Alimwita "bibi," alimshika mkono. Alijua kabisa.

REHEMA: Kujua kwake hakuandikwi popote kwenye fomu.

ATHUMANI: Ndiyo ubovu wenyewe.

REHEMA: Ndiyo kazi yenyewe.

(Kimya.)

ATHUMANI: Haya. Hapa hatuvuki.

REHEMA: Hatuvuki. Ila nina swali dogo. Ile fomu ya wategemezi wako, wakati unamwandikisha mama kwenye bima, nani aliijaza?

ATHUMANI: Mnaotusikiliza kutoka Ngamiani, poleni na mvua…

REHEMA: Athumani.

ATHUMANI: Niliijaza mimi.

REHEMA: Mwalimu wa Kiswahili!

ATHUMANI: Ndiyo sababu! Nikaona Mwanaisha ndiyo sahihi, Mwanaasha ni matamshi.

REHEMA: Umemsahihisha mama yako kwa kalamu nyekundu.

ATHUMANI: Ilikuwa ya bluu. Na yeye hajui.

REHEMA: Kipindi chenyewe anakisikiliza.

ATHUMANI: …Mama, tutaongea.

REHEMA: Na hii sheria ya 2023 ya bima kwa wote, fikiria kila Mwajuma na kila Othmani na kila Asumani wakipanga foleni.

ATHUMANI: Mwajuma hana tatizo. Wasiwasi wangu ni hao wengine wawili, na Athumani ndani yake.

REHEMA: Wewe unaandikwaje kwenye cheti cha kuzaliwa?

ATHUMANI: Tuendelee na kipindi.

REHEMA: Tumebakiza dakika tatu! Haya, jambo la kwanza. Kabla hujatoka nyumbani, weka kadi na kitambulisho mezani, usome herufi kwa herufi. La pili, kama majina hayafanani nenda kwa wakili, mgonjwa anaapa kwamba majina yote…

ATHUMANI: Nilimwambia mama hilo la kiapo. Akauliza, "Niape kwamba mimi ni mmoja? Nani alisema tuko wengi?"

REHEMA: La pili halijaisha, Athumani. Kile kiapo unakipeleka kwa mwajiri pamoja na…

ATHUMANI: Halafu dawa, sikukwambia. Bahasha ya dawa imeandikwa Mwanahasha. Tumefika nyumbani mama kaigeuza, kasema si yake.

REHEMA: Hajameza?

ATHUMANI: Kameza. Kasema anammezea mwenzake.

REHEMA: (anacheka) Mungu wangu. Na la tatu…

ATHUMANI: Muda.

REHEMA: La tatu ndilo lenye maana!

ATHUMANI: Alhamisi ijayo. Njoo nayo hiyo hiyo karatasi.

REHEMA: Hii karatasi ni ya wiki ya tatu sasa, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo.

ATHUMANI: Jina lako limeandikwa vizuri lakini?

REHEMA: Zima.