Mkate wa Soda wa Ireland: Usiukande

Hamjambo wapendwa, karibuni jikoni. Leo tunaoka mkate usiotaka hamira, usiotaka kusubiri uumuke, na usiotaka kukandwa. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa sisi tuliokulia kwenye chapati na maandazi. Ni mkate wa soda wa Ireland. Tangu unga uingie kwenye bakuli mpaka mkate utoke kwenye oveni ni saa moja hivi, na kazi ya mikono haifiki dakika kumi.

Mimi nilifundishwa na bibi mmoja wa Cork, kusini mwa Ireland, nilipokuwa nimepanga chumba nyumbani kwake. Siku ya kwanza aliponiachia bakuli nilifanya kama ninavyofanya chapati: nikakandamiza, nikakunja, nikakanda mpaka donge likawa laini kama shavu la mtoto. Nilijivunia. Mkate ulipotoka, nje ulikuwa mgumu kama tofali na ndani umeshikamana kama ugali uliolala. Bibi akanishika mikono, akaniambia mikono yangu ina nguvu nzuri, ila mkate huu hauitaki hiyo nguvu. Kwa hiyo leo nitakuonesha vitu vingi, lakini ukisahau vyote, kumbuka kutoukanda.

Mahitaji yetu ni manne, yote haya hapa mezani. Unga wa ngano gramu 450. Kama huna mizani, chukua vikombe vitatu na nusu vya kupimia, vile vya mililita 250, na usiushindilie unga ndani ya kikombe. Beking soda kijiko kimoja cha chai. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Na mtindi, kati ya mililita 350 na 400.

Mkate wa vitu vinne hauna pa kuficha kosa, kwa hiyo tuviangalie kwanza.

Unga ni ule wa kawaida wa nyumbani. Usinunue ule uliokwisha kuchanganywa na vitu vya kuumulia, na ule mkali wa mikate ya hamira pia uache. Ireland ni nchi ya mvua na ubaridi, na ngano inayostawi kule ni laini, ina gluteni kidogo. Gluteni ndiyo inayolifanya donge livutike kama mpira na kushika hewa ya hamira kwa saa nzima. Ngano yao haina mvuto huo, kwa hiyo kwa hamira ilikuwa inawasumbua. Beking soda ilipoanza kuingia majumbani kule, kuanzia miaka ya 1830, ikakuta unga unaoifaa kabisa.

Soda yenyewe, soma vizuri kopo lako. Tunataka beking soda, siyo beking pauda. Beking pauda ina asidi yake ndani. Yetu asidi itatoka kwenye mtindi. Na yale magadi tunayotia kwenye maharage na makande siyo haya. Ukiyatumia utapata mkate wenye ladha ya sabuni.

Sasa mtindi, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu napapenda. Kwa wazee wetu, mtindi ni yale maziwa yanayobaki kwenye kibuyu baada ya kusukwa na siagi kutolewa. Hicho hicho ndicho watu wa Ireland walichotumia. Wakulima wa upande wa Cork walitengeneza siagi ya kuuza. Soko la siagi la mji huo lilianzishwa mwaka 1770, na katika karne ya 19 lilikuwa kubwa kuliko yote duniani. Siagi ikapakiwa kwenye mapipa ikaenda melini. Mtindi hauwezi safari hiyo, ukabaki nyumbani. Ukanywewa, na uliobaki ukaingia kwenye unga. Mkate huu umezaliwa na kile kilichosalia baada ya kitu cha thamani kuuzwa.

Mtindi wa pakiti tunaonunua leo mara nyingi ni maziwa mgando, mazito. Wenzetu wa Kenya, hayo ndiyo maziwa lala. Yanafaa sana, ila yapunguze kwa maji au maziwa kidogo mpaka yamiminike kama uji mwepesi. Usichukue yenye sukari au vanila. Na kama huna kabisa, chukua maziwa mabichi yaliyochemshwa na kupoa, mililita 375, tia vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau au siki, koroga, acha dakika kumi. Yatakatikakatika. Usiyamwage, hivyo ndivyo tunavyoyataka.

Haya, tuanze. Kabla hujagusa unga, washa oveni, nyuzi 230 za selsiasi, ipate moto barabara. Siyo baadaye. Nataka uone sababu kwa macho yako. Hapa nina chembe ya soda kwenye kikombe, naimwagia kijiko cha mtindi. Sogea karibu. Unaona povu linavyopanda? Unasikia inavyochemka bila moto? Hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi, na ndiyo itakayouinua mkate wetu. Imeanza sasa hivi na haitasubiri oveni yako ipate moto. Ukichanganya kisha ukakaa kupiga simu, gesi inatoka, inapotelea hewani, na mkate unabaki bapa.

Oveni ikishapata moto, chukua bakuli pana. Pana, tafadhali, mkono uweze kuzunguka. Weka chekeche juu yake, chekecha unga, chumvi na soda kwa pamoja. Kijiko cha soda kisawazishe kwa mgongo wa kisu, kisiwe na kilima. Kama soda ina madonge, yavunje kwa vidole kabla ya kuchekecha, kwa sababu donge moja likibaki utalikuta kwenye mkate kama doa la manjano, chungu mdomoni. Soda ikizidi, mkate mzima unageuka manjano. Ukishachekecha, inua unga kwa vidole uuangushe mara tatu nne, uchanganyike na upate hewa.

Tengeneza shimo katikati. Mimina mtindi karibu wote kwa mara moja, bakiza robo kikombe pembeni.

Na sasa mkono. Mmoja tu, mwingine unashika bakuli. Tanua vidole, vikaze kidogo, kama kucha za kuku anayeparura. Anzia katikati, zungusha kwa duara, duara la pili liwe pana zaidi, la tatu liguse kingo za bakuli. Usifinye. Usikunje. Vidole vinapita tu ndani ya unga, vinauokota. Hesabu nami: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Unga mkavu ukibaki chini, ongeza ule mtindi uliobakiza, kidogo kidogo. Haya, basi. Toa mkono.

Tazama hili donge. Ni la mabonde, linanata kidogo, linaonekana kama kazi haijaisha. Najua mkono wako unataka kuendelea. Uzuie. Kila ukikanda, ile gluteni kidogo iliyomo inaamka na kukaza, na gesi uliyoiona kwenye kikombe unaikamua nje.

Nyunyiza unga kwenye ubao wako wa chapati, pindua bakuli, donge lishuke. Nawa mikono, ikaushe, ipake unga. Hili dogo linasaidia sana, maana mkono wenye donge la kunata unavuta donge jingine. Viringisha mkate taratibu kwa viganja, uwe duara, kisha ubonyeze kidogo juu ufikie unene wa sentimita nne hivi. Ukiwa mnene kuliko hapo, katikati hapaivi.

Chukua kisu kirefu, kipake unga. Kata msalaba kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kina, uvuke nusu ya unene. Usiogope. Kule Ireland wapo wanaosema msalaba huu ni wa kuubariki mkate, na wapo wanaosema ni wa kuwafungulia njia wale viumbe wadogo wa hadithi zao, watoke wasije wakaleta mikosi. Bibi yangu wa Cork alichoma pia kila robo kwa ncha ya kisu kwa ajili yao, na mimi nachoma hadi leo. Kwenye oveni faida yake inaonekana: joto linafika katikati, na mkate unafunguka kwa mpango badala ya kupasuka ovyo ubavuni.

Weka kwenye trei iliyonyunyizwa unga, ingiza. Dakika 15 kwenye nyuzi 230, halafu shusha ziwe 200, uache dakika 25 hadi 30. Usifungue mlango hizi dakika 15 za mwanzo.

Wakati unaiva, niseme na wasio na oveni, maana najua ni wengi, na kwa kweli mkate huu haukuanzia kwenye oveni. Nyumba nyingi za vijijini Ireland hazikuwa nayo. Walikuwa na chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko bapa, upande wa Cork wakikiita bastible. Kilitundikwa juu ya moto wa peti, yaani udongo wa kwenye vinamasi unaochimbwa na kukaushwa kama kuni, na makaa ya moto yakawekwa juu ya mfuniko. Ninyi mnaopalia makaa juu ya mkate wa kumimina, kazi hii mnaijua. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko wa chuma, ipashe moto ikiwa tupu, nyunyiza unga chini, weka mkate. Makaa machache chini, mengi juu. Chini yakizidi, utakuwa na mkate mweusi kitakoni na mbichi tumboni. Baada ya dakika 35 funua uangalie, kisha ongeza muda kadiri unavyouona.

Kuna njia nyingine ya kaskazini mwa Ireland. Donge ni hili hili, ila unalibonyeza liwe na unene wa sentimita moja na nusu, unalikata robo nne kabisa, na kila robo unaiweka kwenye chuma cha chapati kikavu kilichonyunyizwa unga. Moto mdogo, dakika nane hivi kila upande, kisha unasimamisha zile kingo nazo ziguse chuma. Robo hiyo wanaiita farl, na asubuhi wanaila na mayai ya kukaanga.

Naona dakika zimetimia. Rangi ni kahawia ya dhahabu, msalaba umefunguka kama ua. Lakini rangi peke yake haitoshi. Shika mkate kwa kitambaa, ugeuze, ugonge chini kwa kifundo cha kidole. Sikiliza. Ko, ko, ko. Sauti ya kitu chenye uwazi ndani, kama unagonga ngoma ndogo. Ukisikia sauti nzito iliyozibwa, urudishe kichwa chini miguu juu kwa dakika tano, ugonge tena.

Kama unataka ganda gumu, uache upoe kwenye waya. Mimi napenda laini, kwa hiyo naufunga kwenye kitambaa safi cha pamba ungali wa moto. Mvuke wake wenyewe unalainisha ganda.

Ukishaujulia huu, badilisha nusu ya unga iwe ule usiokobolewa, uongeze mtindi kidogo na dakika tano za moto. Huo wa kahawia ndio ninaoupika zaidi nyumbani. Zabibu kavu pia zinaingia. Watu wa Marekani wenye asili ya Ireland huongeza sukari, siagi na mayai, hasa kwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick tarehe 17 Machi. Ni mtamu, ila mimi nauhesabu kuwa keki.

Haya, subiri nusu saa kabla ya kukata, ndani bado panamalizika kuiva. Halafu kisu cha meno, vipande vinene, siagi yenye chumvi ipakwe kwa ukarimu, na chai ya maziwa pembeni. Mkate huu ni wa siku hiyo hiyo. Ukibaki, kesho asubuhi uchome vipande kwenye chuma kikavu pande zote mbili, na siagi uipake vikiwa bado vinatoa moshi.