Vitabu Vilikuwa kwa Wasomaji

Ndugu zangu, tukiulizwa Wakristo wa mwanzo walihifadhi vipi Maandiko, haraka tunataja mapango na mitungi. Mimi leo nawapeleka Cirta, mji wa Numidia, jimbo la Dola la Kirumi, ambao sasa unaitwa Constantine, nchini Algeria. Ni tarehe 19 Mei 303. Kaisari Diocletian ameamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Msimamizi wa mji, Munatius Felix, amefika kwenye nyumba wanamokutania Wakristo, na kila kinachosemwa kinaandikwa.

Anamtaka Askofu Paulus atoe Maandiko. Askofu anajibu kwamba Maandiko wanayo wasomaji, ila yeye na wenzake watatoa kilichopo pale. Basi ikaanza hesabu: kalisi (vikombe vya ibada) 2 za dhahabu, 6 za fedha, taa, kanzu 82 za kike, viatu vya kike jozi 47. (Nguo hizo nadhani zilikuwa za kugawia maskini, sioni kazi nyingine ya viatu vyote hivyo.) Kabati za vitabu zikakutwa tupu. Kikatolewa kitabu kimoja tu, kikubwa.

Msomaji wa Kanisa hakuwa na cheo kikubwa. Lakini waumini wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo Injili waliipata kwa masikio, kupitia sauti yake. Na vitabu vililala nyumbani kwake. Mashemasi wadogo wawili, Catullinus na Marcuclius, walipotakiwa wawataje wasomaji walikataa: sisi si wasaliti, amuru tuuawe. Wakakamatwa. Wengine wakaonyesha njia, Felix akazunguka nyumba kwa nyumba. Eugenius alitoa vitabu 4, fundi wa mozaiki 5, Victorinus 8. Coddeo hakuwepo; mkewe akatoa 6, nyumba ikapekuliwa, havikuonekana vingine.

Mtasema basi Cirta iliisha. Lakini nakala zilishasambaa zamani. Mtume Paulo aliwaagiza Wakolosai wabadilishane barua na Walaodikia, na desturi hiyo iliendelea: kanisa moja linanakili, la jirani linanakili kutoka kwake. Kule Karthago, mji mwingine wa Afrika Kaskazini, Askofu Mensurius alidai kwamba aliwaachia wapekuzi vitabu vya wazushi badala ya Maandiko, wakaondoka navyo. Wapo waliomlaumu, mimi simlaumu.

Tena yapo ambayo hayakuwekwa kitabuni kwa makusudi. Wakatekumeni, yaani waliojiandaa kubatizwa, walifundishwa Kanuni ya Imani kwa mdomo, kisha kabla ya ubatizo wakaisema yote kwa moyo. Cyril wa Yerusalemu, karibu mwaka 350, aliwakataza wanafunzi wake kuiandika kwenye karatasi. Hapo mpekuzi angechukua nini?

Na haya ya Cirta tunayajua kutokana na ugomvi wa Wakristo wenyewe. Siku ile ya msako, shemasi mdogo Silvanus alitoa taa ya fedha iliyokuwa imefichwa nyuma ya pipa, akaambiwa kwamba angekuwa maiti kama asingeipata. Baadaye Silvanus huyo akawa askofu wa mji. Mwaka 320, shemasi wake Nundinarius, aliyekuwa amekosana naye, akamshtaki mbele ya gavana Zenophilus kwamba alikabidhi mali ya Kanisa. Ushahidi uliosomwa ulikuwa kumbukumbu za Munatius Felix, pamoja na hesabu yote ya vitabu alivyovikusanya.