Ukiichomoa, Tembe Inaanguka?

Mbukwenyi! Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na ninyi wa Singida msinune, salamu zenu zimo humo humo. Sauti mnayoisikia ni ya mtu aliyetoka shifti ya usiku, nyumba ya wazee, hapa Cork, Ireland. Ireland ile jamhuri, jamani, siyo ile ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza. Atakayeniita tena "dada yetu wa Uingereza" nitamfungia.

Video ya leo kaisababisha mjomba. Mjomba anakaa Nkuhungu, kahawa anainywea kijiweni karibu na soko la Majengo, na Bunge likiwa linakaa pale kijiweni hawana habari nyingine. Kanitumia sauti ya dakika sita. Dakika nne ni bodaboda na jogoo, ila swali nimelipata: "Mwanangu, ninyi huko serikali za mseto mmezizoea. Hebu tuambie, chama kidogo kikiitwa na wakubwa kiingie serikalini, kiende, au kibaki nje kipige kelele zake?"

Shikamoo mjomba. Kwanza unikumbuke tembe ya babu kule Mvumi. Lile paa la udongo, zito, limelala juu ya nguzo. Ile nguzo ya katikati sisi watoto tulikatazwa hata kuiegemea. Halafu kulikuwa na fito za ukutani, ambazo bibi mvua ikinyesha na kuni zikilowa alikuwa anachomoa moja, anawashia moto, mlenda unaiva, nyumba imesimama vilevile. Haya. Chama kidogo kikiitwa, mimi nakiuliza hilo tu: wewe humo ndani utakuwa nguzo au ufito?

Sasa nije huku. Mwaka 2020 walifanya uchaguzi, bunge lao linaitwa Dáil, wakati huo lilikuwa na viti 160. Vyama viwili vikubwa vya zamani, Fianna Fáil na Fine Gael, uhasama wao unaanzia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922. Chukua Simba na Yanga, halafu ongeza bunduki. Mmoja akapata viti 38, mwingine 35. Chama cha Sinn Féin kilikuwa na 37 lakini wakubwa hao wawili hawakukitaka. Piga hesabu: 38 na 35 ni 73, haifiki nusu. Pembeni kuna chama cha Kijani, watu wa mazingira, viti 12. Hapo ufito umegeuka nguzo.

Na walijua. Hawakwenda kuomba viti vya wizara kwanza, walikwenda na karatasi: gesi chafu ipunguzwe kwa wastani wa asilimia 7 kila mwaka, pesa za usafiri wa umma mpya ziwe mara mbili ya pesa za barabara mpya. Kisha wakarudi kwa wanachama wao wapige kura, na sharti lao ni theluthi mbili wakubali, siyo nusu na kidogo. Wakakubali asilimia 76. Mimi hapo ndipo nilipowaheshimu. Kwetu jambo kama hili lingeamuliwa na watu watano hotelini, wanachama wakalisikia kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku.

Walichopata nimekiona kwa macho. Mwaka 2022 nauli za mabasi ya umma zilishushwa asilimia 20, na waziri wa uchukuzi alikuwa kiongozi wao, Eamon Ryan. Mtu anayepanda basi kwenda shifti saa mbili usiku hahitaji kuelezwa hiyo ni nini. Sheria ya tabianchi ikapita 2021.

Walicholipa nacho nimekiona. Huku vijijini watu wanachoma udongo, msicheke, udongo mweusi wa kinamasi. Wanaukata kama tofali, wanauanika, wanaotea moto. Serikali ikabana uuzaji wake mwaka 2022, kwa sababu ya moshi. Fikiria mtu aje Kongwa awaambie habari ya mkaa wao. Wazee ninaowahudumia, wengine wametoka mashambani, ukitaja Kijani wanakuangalia kama umetaja mwizi wa ng'ombe. Bei ya mafuta ikipanda, Kijani. Mvua ikinyesha siku ya kuvuna, pia Kijani! Wale wakubwa wawili walikaa nyuma ya mdogo wao kama mtu aliyejificha mvua nyuma ya mwenzie. Novemba 2024 uchaguzi ukarudi. Kutoka viti 12, Kijani walibaki na kimoja.

Na wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2007 waliingia na Fianna Fáil wakiwa na wabunge 6. Mabenki yakaanguka, nchi ikaishia kukopeshwa yuro bilioni 67.5 na Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wao wamekaa mezani wanatazama. Walijitoa Januari 2011 na serikali ikaenda uchaguzi. Februari wakapoteza viti vyote sita. Chama cha Labour nacho kikaingia mwaka huohuo na viti 37, kikabana matumizi pamoja na Fine Gael, 2016 kikatoka na 7.

Kwa hiyo 2024 wakubwa walipopungukiwa tena, na safari hii bunge limeongezwa hadi viti 174, walipungukiwa viti viwili tu kufika 88, Labour wakasema ahsanteni, tumeshiba. Social Democrats nao hawakuingia. Walioingia ni wabunge wasio na chama, wagombea binafsi, kitu ambacho kwetu hakiruhusiwi. Na baadhi ya hao, sikilizeni, walitaka waiunge mkono serikali na bado wapewe dakika za kusema za upinzani! Bunge likachafuka Januari 22, 2025, waziri mkuu akashindwa kuchaguliwa siku hiyo mpaka kesho yake. Mtu anataka ale harusini halafu aseme wali haukuiva.

Mjomba najua unafikiri nitasema "mmeona, msiingie." Hapana. Mimi ningeingia. Kijani waliingia wakijua historia yao wenyewe, wakaliwa, lakini basi langu bado nauli yake ni ile iliyoshushwa. Jembe lisilolika ni lile lililotundikwa ukutani. Ila waliweza hayo kwa sababu wakubwa walijua wale 12 wakitoka, paa linashuka usiku huohuo. Waziri mkuu wa huku anakaa kwa kura za wabunge, zikipungua hana kazi.

Njoo kwetu sasa. Bara hata hiyo nafasi haipo. Rais anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, aliyepata kura nyingi ndiye. Hamhitaji mtu wa chama kidogo ili alale Ikulu ya Chamwino. Kwa hiyo kinachotokea ni mtu mmoja mmoja kuchukuliwa. Mwaka 2017 mwenyekiti wa chama cha upinzani ACT-Wazalendo, marehemu Anna Mghwira, aliteuliwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Akaenda, na kiti cha chama kikamtoka. Chama kilipata nini? Hiyo siyo mseto, huo ni ufito mmoja umechomolewa ukaenda kuwasha moto wa jirani. Na wale wapinzani waliohamia chama tawala kwa "kuunga mkono juhudi" ndiyo kabisa, tusiwaongelee, nina usingizi.

Zanzibar ndiyo yenye kesi ngumu, na hapa sitaongea haraka. Julai 31, 2010 walipiga kura ya maoni, asilimia 66 wakasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maalim Seif wa CUF, chama kikuu cha upinzani kule, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. CUF hawakuingia kwa ajili ya nauli. Januari 2001 watu waliuawa Pemba, kila uchaguzi watu wanahama nyumba. Ukiingia serikalini ili majirani wazikane na kualikana harusini, mizani yangu ya nguzo na fito haitoshi kupima hilo, nakubali. Mwaka 2010 ningekuwa CUF ningeingia.

Lakini angalieni ndani ya nyumba. Makamu wa Kwanza ni mshauri. Anayesimamia shughuli za serikali kwenye Baraza la Wawakilishi ni Makamu wa Pili, anayetoka chama cha Rais. Makamu wa Kwanza akiondoka kesho, Rais anabaki Rais. Ndiyo maana Oktoba 28, 2015, Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, alipoufuta uchaguzi, miaka mitano ya kukaa serikalini haikumpa Maalim hata msumari wa kushikia. CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na serikali ikaendelea. Desemba 2020 Maalim akaingia tena, safari hii akiwa ACT-Wazalendo, baada ya uchaguzi waliosema wazi kwamba waliporwa. Februari 17, 2021 akafariki. Sijui kama angedumu. Uamuzi ule wa pili mimi haujawahi kuniingia, na najua Wapemba watanishukia hapo chini. Shukeni tu, ila mniambie jambo moja: kwenye yale mazungumzo, nini kiliandikwa kwamba kisipofanyika, tunatoka na mtaumia?

Mjomba, kijiweni ukiulizwa, usiwaambie mpwa wako kasema ndiyo au hapana. Waulize hilo swali la karatasi.

Haya, nalala. Kabla sijalala nina mfuko wa chupa hapa, mnauona? Huku tangu Februari 2024 chupa ndogo ya plastiki unalipia senti 15 juu ya bei, kubwa 25, ukiirudisha kwenye mashine dukani unarudishiwa. Mpango huu ulianzishwa wizara ya mazingira ikiwa mikononi mwa Kijani. Watu waliutukana mwezi mzima, sasa wanapanga foleni. Hizi ni kama yuro nne. Nikiamka tu nazipeleka.