Unyakuo ni Lini? Kabla ya Dhiki, Baada ya Dhiki, na Ile Barua Feki ya Thesalonike

(Mhadhara kwa viongozi wa makanisa na vijana, Malindi)

Bwana asifiwe. Wale wa nyuma vuteni viti mje mbele, hii maikrofoni inakatakata na sitaki kupiga kelele jua likiwa kali hivi.

Nimepewa unyakuo, ni lini, kabla ya dhiki kuu, katikati, ama baada. Sitaeleza kwa urefu unyakuo, yaani Bwana kuwachukua walio wake wamlaki mawinguni, wala dhiki kuu, ule wakati wa mateso makubwa kabla ya mwisho, hapa kila mtu anajua, mistari mmeihifadhi tangu sande skuli. Nitaanza na Thesalonike kwa sababu kila nikiulizwa hili swali huanzia hapo, na walionisikia kule Ganda na Gongoni wanivumilie, nitarudia yale yale mpaka yaingie.

Thesalonike lilikuwa kanisa changa sana. Someni Matendo 17, Paulo alifundisha kwenye sinagogi sabato tatu, fujo ikazuka, ndugu wakamtorosha usiku. Akawaacha wachanga hivyo, hawajashiba mafundisho, halafu wakaanza kufiwa. Wakazika. Wakajiuliza, sasa huyu mama yetu tuliyemzika wiki jana, Bwana akija na yeye yuko kaburini si amekosa? Hilo ndilo swali. Hawakuuliza mpinga Kristo ni nani wala ile chipu ya alama ya mnyama itawekwa mkono gani, wameuliza habari ya maiti wao. Na Paulo anawajibu katika 1 Wathesalonike 4, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha sisi tulio hai, tuliosalia, tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu, halafu anamaliza aje? "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Farijianeni! Yaani ile sura ya unyakuo tunayoitumia kutisha watu kwenye krusedi iliandikiwa watu walioko matangani. Mimi hili huniuma sana, mnisamehe. Kuna watoto katika mji huu wakirudi kutoka shule wakakosa mama jikoni wanaanza kulia wakidhani unyakuo umepita wameachwa, kumbe mama ameenda kuteka maji. Ni nani aliwafundisha hivyo? Ni sisi.

Sasa barua ya pili, na hapa ndipo nataka mfungue Biblia, msinisikilize tu. 2 Wathesalonike 2, mstari wa 2. Paulo anawaambia msifadhaishwe upesi, si kwa roho, si kwa neno, wala kwa waraka unaodhaniwa kuwa ni wetu, kana kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo. Mmeona? Inaonekana kuna mtu alikuwa akieneza barua na kusema imetoka kwa Paulo. Barua feki. Hata kizazi kimoja hakijapita, mitume wako hai, na tayari kuna mtu anatumia jina la mtume kuwaambia watu mwisho umefika. Halafu nenda sura ya 3, utakuta wengine wameacha kazi, wanazurura, wanajishughulisha na mambo ya watu, na Paulo anawaambia asiyetaka kufanya kazi basi asile chakula. Kwa nini waliacha kazi? Wasomaji wengi wanaona ni kwa sababu ya hiyo habari ya mwisho, wengine wanasema walikuwa wavivu tangu zamani kwa sababu hata barua ya kwanza inawagusia, mimi naona yote mawili yanakaa pamoja, mtu aliyekuwa mvivu akiambiwa dunia inaisha kesho amepata sababu ya kiroho. Na mwisho kabisa, mstari wa 17, Paulo anaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe na kusema hiyo ndiyo alama katika kila waraka, ndivyo niandikavyo. Anaweka sahihi. Anawafundisha kukagua! Hakuwaambia waamini kila anayesema ametumwa na Bwana, amewaambia angalieni mwandiko wangu ni huu.

Sasa leo barua feki haiji na punda, inaingia kwa simu. Septemba 2025, ile klipu ya mhubiri wa Afrika Kusini, kwamba unyakuo ni tarehe 23 ama 24, sikukuu ya Wayahudi ya tarumbeta. Ilizunguka TikTok dunia nzima, ikafika mpaka huku, kuna watu nawajua walianza kugawa vitu vyao. Tarehe 25 ikafika. Na si mara ya kwanza. Harold Camping kule Marekani alitangaza tarehe 21 Mei 2011, mabango barabarani, ilipopita akasogeza mpaka 21 Oktoba. Edgar Whisenant alisema 1988. William Miller, watu wake walingojea mpaka 22 Oktoba 1844, watu wazima wakalia. Wote hao walikuwa na Biblia mkononi, wote walikuwa na hesabu, na Mathayo 24:36 walikuwa nayo, siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Walipata njia ya kuuzunguka huo mstari, wengine ati "siku na saa hatujui lakini mwaka tunajua." Ukisikia mtu anaanza hivyo, inuka utoke, hata kama umeshatoa sadaka. Majirani zetu Waislamu nao wanangojea kurudi kwa Nabii Isa, na Qurani yao inasema elimu ya Saa iko kwa Mungu peke yake, kwa hiyo hata mtaani hapa Mkristo anayetangaza tarehe anatuaibisha mbele ya watu wanaojua hilo.

Na najua mnangoja niseme Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga mpaka kufa, basi nitasema.

Kuna mtu ataniambia, mwalimu, wale walikuwa dhehebu potofu, sisi hatuhusiani nao, usituchanganye. Hapana. Wale watu walitoka wapi? Walitoka makanisani, wengi waliwahi kukaa kwenye viti kama hivi, walijua mapambio tunayoimba. Kanisa lao lilikuwa hapa hapa Malindi kabla ya kufungwa 2019, ndipo watu wakaanza kuhamia kule msituni, Chakama. Wakaambiwa shule ni ya dunia, hospitali ni ya dunia, kitambulisho ni cha dunia, mwisho umefika, na njia ya kukutana na Yesu ni kufunga mpaka kufa. Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa na hesabu ikapita watu 400, na wengi walikuwa watoto ambao hawakuulizwa kama wanataka kufunga. Maiti zililetwa hospitali yetu hii, sote tulipita pale tukaona familia zimekaa nje, na wengine walingoja majibu ya DNA mpaka 2024 ndipo wakapewa mtu wao wakazike. Halafu 2025 tena, kijiji cha Kwa Binzaro huku huku Kilifi, makaburi mengine, zaidi ya miili 30. Kesi ya Shakahola ilipelekwa mahakamani, Mackenzie akakana mashtaka, mimi si hakimu. Lakini mimi ni mwalimu wa Biblia, na swali langu ni hili, katika miaka yote ile, ni kanisa gani hapa lilikaa na washirika wake likafungua 2 Wathesalonike polepole, mstari kwa mstari, likawaambia jamani hata zama za Paulo watu walidanganywa hivi hivi? Tulihubiri unyakuo kila wiki, kuufundisha hatukuufundisha. Mtu mwenye njaa ya mambo ya mwisho akikosa chakula kwako atakula kwa mwingine.

Basi tuje kwenye hizo nyakati zenyewe, maana mmeshaanza kuangalia saa.

Wengi wenu mnaotoka makanisa ya Kipentekoste mnaamini kabla ya dhiki, Bwana anakuja kimya kuchukua kanisa, inafuata miaka saba ya dhiki, halafu anakuja wazi. Nina hakika wengine mnadhani ndivyo kanisa limeamini tangu Pentekoste. Mpangilio huu wa hatua mbili, kwa jinsi tunavyoujua, ulienezwa na John Nelson Darby, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana Ireland, miaka ya 1830, kwenye mikutano ya pale Powerscourt na kati ya Ndugu wa Plymouth, kundi la Waprotestanti la wakati huo. Na hata wenzake wa Plymouth hawakukubaliana naye wote, Benjamin Newton na yule msomi Tregelles walimpinga. Kilichoufikisha mbali zaidi ni Biblia ya Scofield, 1909, kwa sababu Scofield aliweka maelezo yake kwenye ukurasa ule ule, chini ya Neno, na msomaji wa kawaida akisoma asubuhi hadi jioni hajui tena lipi ni la Paulo na lipi ni la Scofield. Wamishonari wakaibeba, vyuo vya Biblia vikaifundisha, michoro ikatundikwa ukutani, na leo iko kwenye mahubiri ya pasta ambaye jina la Darby hajawahi kulisikia.

Sasa usiruke useme mwalimu amesema ni uongo kwa sababu ni ya juzi. Sikusema. Umri wa fundisho hauliui wala hauliokoi, na wanaoamini hivi wana maandiko, tena mazito. 1 Wathesalonike 5:9, Mungu hakutuweka kwa hasira yake. Ufunuo 3:10, ahadi kwa kanisa la Filadelfia kulindwa na saa ile ya kujaribiwa. Wanasema majuma sabini ya Danieli 9 ni ya Israeli, na hilo juma la mwisho, ambalo kwao ndilo ile miaka saba ya dhiki, halihusu kanisa. Na wanasema, tukiambiwa tukeshe, tutakesha vipi kama tunajua lazima miaka saba ipite kwanza? Hilo swali ni la haki, na anayelijibu kwa kucheka hajalielewa.

Mimi binafsi nasimama baada ya dhiki, na sababu yangu kubwa ni ile ile barua. Paulo anapotaka kuwatuliza watu wa Thesalonike angeweza kusema kwa ufupi, jamani siku haijafika, si mnaona bado tuko hapa, hatujanyakuliwa? Hakusema hivyo. Amesema haiji usipokuja kwanza ule ukengeufu, yaani watu kuiacha imani, akafunuliwa yule mtu wa kuasi, ambaye wengi humwita mpinga Kristo. Kwa nini awape alama ya kitu ambacho hawatakuwepo kukiona? Weka hapo Mathayo 24:29, "baada ya dhiki ya siku zile", parapanda, malaika, wateule wanakusanywa. Weka Yohana 17:15, Bwana mwenyewe anaomba, siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu, bali uwalinde na yule mwovu. Ndugu wa upande wa pili watanijibu Mathayo 24 ni kwa Wayahudi, na watakatifu walio kwenye dhiki katika Ufunuo ni watu watakaookoka baadaye, sawa, wana majibu, tumebishana na baadhi yao usiku kucha kwenye kesha na asubuhi tukanywa chai pamoja.

"Lakini mwalimu, baba gani anaacha bibi arusi wa mwanawe, yaani kanisa, apigwe?" Hili naulizwa kila mahali. Nikujibu hivi, waulize Wakristo walioteswa kabla yetu, karne tatu za kwanza chini ya Roma, waulize wale wa Uganda waliochomwa Namugongo 1886, kama waliona Mungu amewaacha. Dhiki na hasira ya Mungu ni vitu viwili. Hasira yake haitatugusa, hapo tunakubaliana wote, kabla na baada. Dhiki tumeahidiwa, Yohana 16:33 iko pale pale. Hofu yangu na fundisho la kabla ya dhiki ni mshirika anayelelewa akiamini hawezi kupata tabu kubwa, siku tabu ikija anasema basi nimeachwa, ama anasema hii ndiyo dhiki yenyewe, na hapo mtu yeyote mwenye sauti nzito anaweza kumwongoza msituni. Na hofu yangu na fundisho langu mwenyewe ni mtu anayeanza kuwinda alama, kila vita vya Israeli anahesabu, kila noti mpya anatafuta 666, ile namba ya mnyama. Pande zote mbili zinahitaji kulindwa.

Wengine haraka haraka. Katikati ya dhiki, wanatumia ile miezi 42 na siku 1260 za Ufunuo, na parapanda ya saba sura ya 11, wanaiunganisha na parapanda ya mwisho ya 1 Wakorintho 15:52. Kuna kabla ya ghadhabu, Marvin Rosenthal aliandika 1990, kwamba kanisa linapita sehemu kubwa ya dhiki lakini linaondolewa kabla ghadhabu ya Mungu haijamwagwa, kwa kifupi ni baada ya muhuri wa sita wa Ufunuo. Wakatoliki na Waanglikana wengi hawana hizi hatua mbili kabisa, kwao Bwana anakuja mara moja, ufufuo na hukumu, basi. Waadventista nao, kuja ni mara moja na kila jicho litaona. Kwa hiyo ukienda kuzika Mkatoliki pale Muyeye usimwambie mjane mumewe amekosa unyakuo kwa sababu dhehebu lake halikufundisha, nimesikia mtu akifanya hivyo, msibani, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mapasta, nawaomba kitu kimoja cha kufanya wiki hii. Msitangaze mahubiri ya mwisho wa dunia mpaka mmesoma hizo barua mbili kwa sauti mbele ya washirika, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni sura 8 tu, hazimalizi nusu saa. Na mtu akija kwenu na ndoto yenye tarehe, mwiteni ofisini pamoja na wazee, muulizeni maswali. Na akianza kuwaambia watu watoe watoto shule ama waache dawa, msisubiri kikao cha wazee, nendeni kwa chifu siku hiyo hiyo.

Nilitaka tuguse miaka 1000 ya Ufunuo 20, lakini saa imekwenda, na hiyo haiwezi kubanwa kwa dakika tano. Tuchukue maswali. Mama pale karibu na dirisha, umeinua mkono tangu niliposema Scofield, anza wewe.