Altezza na Impreza: jinsi ya kupima ipi inachanganya haraka ukiwa Mwanza

Mwangaluka wadau! Ni saa moja asubuhi, na nimesimama kwenye yadi ya lami upande wa Usagara. Mwenye yadi ametukubalia tuitumie mpaka saa tatu. Nyuma yangu mnaziona gari mbili: Toyota Altezza RS200 na Subaru Impreza WRX. Zote ni gia za mkono, zote injini ya lita 2. Ubishi wa ipi inawahi kushika kasi mnaujua, kuanzia vijiwe vya Nyakato hadi Buhongwa. Nitakuonyesha namna ya kuupima, ili na wewe uweze kupima gari zako.

Kabla ya kuwasha, tuelewane kuhusu namba za kiwandani. Altezza imeandikiwa nguvu farasi 210, na inazifikia injini ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Haina tabo (turbo). Impreza imeandikiwa 250 kwenye mizunguko 6,000, na tabo inayo. Namba hizo zimekokotolewa kwa hewa ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kama ilivyo, kwa hiyo hapa inapoteza nguvu kama asilimia 11. Piga hesabu: 210 inabaki kama 187. Tabo inaibana hiyo hewa nyepesi kabla haijaingia kwenye silinda, kwa hiyo Impreza haipotezi nyingi kiasi hicho. Ndiyo maana Altezza iliyokuwa inachomoka vizuri Dar es Salaam ukiileta Mwanza unahisi imechoka. Unaipeleka kwa fundi, anabadilisha plagi, na hali inabaki ileile. Gari haiumwi, ndugu yangu. Imepanda mlima.

Sasa hatua ya kwanza, eneo. Tafuta sehemu iliyofungwa, tambarare, yenye lami safi, na upate ruhusa ya mwenye nayo. Gari inayofika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 8 inakula zaidi ya mita 110, na bado hujaanza kufunga breki. Mimi sikubali eneo lenye chini ya mita 500. Najua wengi mnalitazama daraja jipya la Kigongo–Busisi na ule unyoofu wake wa kilomita 3. Nawaomba sana, msiende. Pale wanapita wagonjwa wanaowahi hospitali, mabasi ya abiria na watoto wamelala viti vya nyuma.

Hatua ya pili, sawazisha gari. Mafuta nusu tenki zote mbili. Toa tairi la akiba, toa spika kubwa, toa ndoo ya dagaa ya shangazi. Upepo wa tairi upime zikiwa bado za baridi, ujaze kama kibao cha mlangoni kinavyosema. Kaza nati za magurudumu kwa mkono wako mwenyewe, usimtume mtu.

Hatua ya tatu, kipimo. Usitumie spidomita. Zimetengenezwa zisisome chini ya mwendo halisi, kwa hiyo nyingi zinazidisha. Mshale ukigusa 100 huenda uko 95. Simu nazo, nyingi zinasoma GPS mara moja tu kwa sekunde, na ukiwa 100 gari inapita karibu mita 28 ndani ya sekunde hiyo moja. Tumia kifaa cha GPS kinachosoma angalau mara 10 kwa sekunde. Kibandike kwenye kioo cha mbele, hivi, kione anga.

Hatua ya nne, kuondoka. Hapa gari hizi mbili hazifanani hata kidogo. Altezza inasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Ukipiga resi sana halafu ukaachia klachi ghafla, tairi zinazunguka bure na sekunde zinakwenda. Anza na mizunguko ya wastani, achia klachi taratibu, tairi zikishika ndipo ukanyage mpaka chini, na usibadilishe gia mapema, kwa sababu utamu wa injini hii uko juu. Impreza inasukuma kwa magurudumu yote manne, inashika lami tangu mwanzo. Ila tabo haiamki injini ikiwa chini. Ipandishe resi kwanza, usikie ule mlio wa kunguruma umebadilika, kisha achia. Klachi yake usiitese. Mara tatu, nne, halafu ipumzike.

Hatua ya tano: nenda, halafu rudi. Kila gari mara mbili kuelekea ziwani na mara mbili kutoka ziwani, uchukue wastani. Mwaka jana nilipima upande mmoja tu, mchana, upepo wa ziwani unavuma, nikamtangazia rafiki yangu kwamba gari yake imeshindwa. Yeye alikwenda akiukabili upepo, mimi nilikwenda umenisukuma. Niliumia nilipogundua, nikamfuata kwake nikamwomba radhi. Siku hizi napima alfajiri, upepo ukiwa umetulia.

Kati ya safari na safari subiri dakika tano, boneti wazi. Kipoza hewa cha Impreza, kile kinachopoza hewa inayotoka kwenye tabo, kimekaa juu ya injini, kinanyonya joto lake gari ikisimama, na hewa ya moto inaila nguvu ya tabo.

Hatua ya sita ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kutoka 60 hadi 100, gia ya tatu, bila kushusha. Huu ndio mwendo wa kulipita lori barabara ya Shinyanga. Impreza inafikia mvuto wake mkubwa kwenye mizunguko 3,600. Altezza inausubiri mpaka 6,400. Kwa gia ileile, mmoja anavuta papo hapo na mwingine bado anapanda. Kisha rudia, safari hii ukimruhusu dereva wa Altezza ashushe hadi gia ya pili, uandike namba zote mbili. Ni haki yake, injini yake iliumbwa hivyo.

Mwisho, badilishaneni madereva na mrudie hatua ya nne. Haya, kaka, vaa mkanda. Altezza inatangulia, kuelekea ziwani.